Gari Iliyolia Kushoto

Gari yetu haikuwa na ufunguo. Baba aliinunua ikiwa hivyo kutoka kwa mtu aliyekuwa ananunua mahindi Sibwesa, na mtu huyo naye alisema aliikuta hivyo. Chini ya usukani zilining'inia nyaya mbili zilizomenywa ncha. Baba akizigusanisha, injini inakohoa kidogo kisha inaamka. Akitaka kuizima anazitenganisha. Abiria waliokaa mbele walimtazama vidole wakacheka, na wengine walimwuliza kama haogopi kuibiwa. Baba aliwajibu kwamba hakuna mwizi wa kuhangaika na gari ambayo hata mwenyewe inamchagulia siku ya kuwaka.

Ilikuwa pikapu ya kijani, ya zamani, na ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ikikata kona ya kushoto, honi ililia yenyewe. Waya wa honi ulikuwa umechakaa ndani ya nguzo ya usukani, na usukani ukizungushwa upande huo waya unagusa chuma. Ikikata upande wa pili, kimya. Sauti yake haikufanana na honi ya gari nyingine yoyote niliyowahi kusikia. Ilianzia juu, ikakatika katikati, ikamalizikia chini, kama mbuzi mwenye mafua. Baba alijua dawa yake. Akiwa anapita msibani au hospitali alibonyeza mahali fulani kwa kidole gumba wakati anakata kona, nayo ikatulia. Lakini akija nyumbani hakubonyeza.

Nyumba yetu ya Nsemulwa, pale Mpanda, ilikuwa upande wa kushoto ukitoka barabara kubwa. Kwa hiyo kila jioni tulimsikia Baba kabla ya kumwona. Honi ikilia pale konani, Mama alikuwa ananiambia, "Weka sufuria." Mpaka Baba ashushe mizigo, anawe, avue viatu na kupekua redio yake, ugali ulikuwa tayari. Fundi aliyekaa jirani alishajitolea mara nyingi kuitengeneza ile honi. Baba alikuwa anamwambia aiache iongee.

Mama alikuwa na nyonga mbovu tangu alipomzaa mdogo wangu. Alitembea na fimbo kutoka chumbani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi uani, basi. Kufika barabarani kwake ilikuwa safari, na akifika alirudi akiwa amekunja uso na usiku hapati usingizi. Ndipo Baba akachukua kiti cha mbao chenye mikono, akakifunga kwa bolti nyuma ya pikapu, kikiegemea kabini, akakishonea mto wa sufi. Jumapili alimnyanyua Mama mwenyewe na kumkalisha pale, hakuruhusu mtu mwingine amsaidie. Alhamisi alimpeleka mazoezi ya kwaya. Siku nyingine walikwenda sokoni ili Mama achague dagaa kwa mikono yake na kubishana na wauzaji, jambo alilolipenda kuliko dagaa wenyewe. Akiwa kwenye kile kiti, upepo ukimpiga kitambaa cha kichwa, Mama alionekana mrefu. Watu walimpungia. Bila gari, Mama alikuwa mtu wa ndani.

Iliibwa Jumapili, tukiwa kanisani.

Wanaume walikaa upande mmoja, sisi upande mwingine, na kwaya ilikaa mbele. Mama aliimba amekaa kwenye stuli, wenzake wamesimama, na sauti yake ya pili niliijua kati ya zote. Walikuwa wanaimba wimbo wa sadaka nilipomsikia mtu anawasha gari nje. Injini ilikohoa kisha ikaamka. Sikushtuka. Halafu, pale getini ambapo lazima ukate kushoto, honi ikalia.

Watu wengine walicheka kimyakimya, kwa sababu parokia nzima iliijua. Mama naye alitabasamu kwa mazoea, mdomo ukiwa bado kwenye wimbo. Kisha macho yake yakaenda upande wa wanaume kumtafuta anayeendesha. Baba alikuwa amekaa benchi lake lilelile, naye alikuwa anamtazama Mama. Niliwaona wote wawili. Kila mmoja alikuwa anamwuliza mwenzake kwa macho.

Baba alinyanyuka. Alitoka kwenye benchi, akageukia altare, akapiga goti kama inavyotakiwa, ndipo akatoka nje mbio. Alikuta vumbi. Mama aliumaliza wimbo mpaka ubeti wa mwisho.

Jinsi ya kumrudisha nyumbani, hatukuwa nayo. Baba aliazima baiskeli ya katekista, tukamkalisha Mama kwenye keria juu ya kitenge kilichokunjwa. Baba alishika usukani, mimi nikamshika Mama mgongoni, mdogo wangu akabeba fimbo. Kila shimo Mama alivuta pumzi. Pale njia panda vijana waliokaa kwenye kahawa walituona, na mmoja akasema, "Mzee, mbona gari imekonda hivyo?"

"Imefunga Kwaresima," Baba akajibu, na Kwaresima ilikuwa imepita zamani.

Mama alicheka, kisha akasema aache kumchekesha maana akicheka ndipo inapouma zaidi.

Mchana Baba alikwenda polisi. Wakaandika maelezo yake vizuri, wakamwuliza ufunguo uko wapi. Aliposema hakuna, askari aliweka kalamu chini kwanza akamtazama. Baba alirudi akatueleza kwamba wiki iliyotangulia alimpakia mgeni kutoka Sibwesa, akakaa naye mbele njia nzima, mtu mcheshi, muulizaji. Gari ilizimika mara kadhaa njiani, na kila ilipozimika mgeni aliinama kutazama vidole vya Baba. "Nimemfundisha mwenyewe," Baba alisema. "Na nauli nilimpunguzia."

Wiki ile nyumba ilibadilika. Baba alirudi kwa miguu, bila sauti, kwa hiyo hatukujua saa ya kuweka sufuria. Ama ugali ulipoa, ama Baba alikaa akisubiri akijifanya hana njaa. Gari yoyote ikipita barabarani, mkono wa Mama ulisimama juu ya anachokifanya, kisha ukaendelea. Alhamisi, saa za mazoezi, nilimkuta amekaa kitandani amevaa kitenge cha kwaya. Baba alikwenda kuazima baiskeli tena. Mama akamwambia nyonga haitakubali, bado ilikuwa inamlipiza ya Jumapili. Nilipopita tena mlangoni, kitenge kilikuwa kimekunjwa juu ya mto. Alisema kwaya ina watu wengi, hawatamkosa. Hakukuwa na mtu ndani ya nyumba ile aliyeamini hivyo, na yeye ndiye aliyeamini kidogo kuliko wote.

Yeye ndiye aliyetupa njia. Tulikuwa tunakula, chakula kimepoa kama kawaida ya siku zile, na Baba alikuwa anasimulia jinsi alivyozunguka stendi akiuliza watu kama wameona pikapu ya kijani. Kila mtu ameiona. Pikapu za kijani zilikuwa nyingi.

"Mimi ningekuwa wewe," Mama alisema, "ningewauliza wamesikia nini. Ile gari siyo bubu. Na huyo mtu umemfundisha kuwasha tu, kuinyamazisha hukumfundisha. Popote alipokata kushoto imemsema."

Baba aliacha kutafuna.

Simu ya mkononi tulikuwa hatujaiona wakati huo. Lakini misheni kulikuwa na redio ya upepo, na asubuhi Sista mmoja alikuwa anaongea nayo na vituo vingine, habari za wagonjwa, za dawa, za misiba. Vituo vyote vilisikilizana kwa pamoja, kama watu waliokaa chumba kimoja gizani. Tulikwenda kumwomba. Mama alisema niende na Baba kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka. Mimi nilikuwa mtu wa kuongea na meza. Shuleni nilijibu maswali nikitazama dawati, na nyumbani wageni wakija nilikuwa nakumbuka kazi ya uani. Nilikwenda nikitumaini kwamba nitasimama tu.

Sista alimaliza habari za wagonjwa, akamwonyesha Baba kitufe cha kubonyeza. Baba alikishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili na kupiga kelele kana kwamba sauti itafika kwa nguvu zake mwenyewe. Baba alizaliwa Burundi, na katika ulimi wake l na r zilikuwa zinapokezana viti.

"Gari yangu imeibwa," alisema. "Inaria kushoto. Kushoto tu ndiyo inaria. Ova."

Aliyejibu alikuwa bwana mmoja wa ghala la tumbaku, njia ya Inyonga. "Nimekupata, mzee. Gari inakwenda kulia, kushoto. Dereva amelewa. Ova."

"Hapana. Hajarewa. Inaria. Kushoto!"

"Ndiyo, kulia, kushoto. Tumeelewa. Tutamkamata. Ova."

Sista aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kesho yake tulikwenda tena, na bwana wa ghala akatupa habari njema. Walikuwa wamemkamata dereva wa trekta aliyekwenda kulia na kushoto mpaka akaingia mtaroni. Amelala sasa, akasema, je, tunamtaka? Baba alikaa chini kwenye benchi. Alikuwa ameshika kofia yake magotini na alionekana mzee kuliko alivyokuwa. Alisema kwa sauti ndogo, siyo kwa redio, kwamba Jumapili inakuja na mke wake amekunja kitenge.

Sista akanisogezea kipaza sauti. "Binti, wewe umesoma. Mweleze."

Maneno sahihi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga njiani: honi inajipiga yenyewe. Yalikuwa mepesi kabisa. Lakini nilipobonyeza kitufe nikakumbuka wale watu wote gizani wanaosikiliza, na maneno yakarudi tumboni. Nilibaki nimebonyeza. Redio ikawa inapeleka pumzi yangu tu mpaka Inyonga.

Kuna kitu kimoja nilichokiweza. Mimi na mdogo wangu tuliwahi kujifunza kuiga ile honi ili tumdanganye Mama aweke sufuria mapema tukiwa na njaa. Tulikuwa tunajificha nyuma ya ua tukalia kwa zamu, na mimi ndiye niliyepatia ule mkato wa katikati. Mama alidanganyika mara nyingi, au alijifanya kudanganyika.

Nikafumba macho nikalia. Kuanzia juu, mkato, kumalizikia chini.

Nilipoachia kitufe, upepo ulivuma kwenye redio. Sista alikuwa ameweka mkono mdomoni. Baba alikuwa amesimama.

"Rudia," bwana wa ghala alisema. "Ova."

Nikarudia.

Tulimsikia akimwita mtu, kisha akiongea na huyo mtu, kisha akarudi. "Hiyo kitu ilipita hapa Jumapili jioni. Mke wangu alitoka mbio akidhani mbuzi wake amegongwa. Mbona hamkusema tangu jana? Ova."

Baada ya hapo kila kituo kilitaka kusema. Mmoja aliyekuwa karibu zaidi na Mpanda alisema nao waliisikia, mchana wa siku hiyohiyo. Inyonga wakasema hapana. Pale kwao, gari inayotoka huku lazima ikate kushoto kuingia sokoni, na sauti kama hiyo isingepita bila soko zima kugeuka. Sista aliweka kidole kimoja mezani, hapa ghala la tumbaku, na kidole kingine, hapa Inyonga. Katikati palikuwa na meza tupu. Sote watatu tuliitazama ile meza.

Baba aliondoka na lori la mizigo, amebeba dumu la petroli na waya uliozungushwa begani. Ilipita Jumapili moja hayupo. Mama hakwenda kanisani. Tulisali naye chumbani, na wakati wa wimbo wa sadaka aliimba sauti yake ya pili peke yake, bila ya kwanza. Nilijaribu kumpa ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza kuimba mtu akinisikia.

Yaliyotokea huko nayajua kama Baba alivyoyasimulia. Alishuka kwenye lori baada ya ghala, akawa anatembea akiuliza watu wamesikia nini, na watu walimjibu. Huyu alisikia kwenye kona ya mto. Yule alisikia kwenye kona ya mizinga ya nyuki. Baadaye akafika kwa watu ambao hawakusikia kitu, akarudi nyuma. Njia ya zamani ya wakata mbao iliingia msituni hapo, na warina asali aliokutana nao wakamwambia kwamba ndiyo, kuna gari humo, wanashangaa ni ya nani, wao wanaianikia nguo.

Mwizi alikuwa amechoka kusemwa. Aliushika waya wa honi chini ya usukani akauvuta kwa hasira yake yote. Lakini Baba, kwa ufundi wake, alikuwa amezifunga nyaya zote pamoja kwa ukanda wa mpira wa tairi, za honi na za kuwashia. Zikatoka zote kama mizizi. Honi ilinyamaza, na gari nzima ikanyamaza. Mtu yule aliisukuma kidogo ikaingia kwenye nyasi, akaondoka kwa miguu, akaacha kandambili moja. Hatukusikia habari zake tena. Baba alikuwa anasema anamwonea huruma kwa kutembea na mguu mmoja mtupu kwenye miiba ile, lakini huruma kidogo tu.

Kiti cha Mama kilikuwa pale nyuma, mto wake wa sufi haujaguswa na mvua. Mrina asali mmoja, mtu mzima, alikuwa amekaa juu yake anavuta kiko. Alimwuliza Baba ni mkubwa gani wa serikali anayebebwa kwenye kiti kile.

Baba akamwambia, "Ni mke wangu."

Yule mzee alishuka, akakifuta kiti kwa mkono, na walipoachana alimpa kibuyu cha asali akisema ni cha mwenye kiti.

Sisi nyumbani tulikuwa uani tunachambua maharage. Jioni ilikuwa imeanza. Tulisikia gari inakuja barabarani, inapunguza mwendo pale konani, inakata. Mkono wa Mama ulisimama. Tulisubiri. Hakuna kitu.

"Ya watu," Mama akasema, na mkono ukaendelea.

Kisha Baba akatokea mlango wa jikoni, mweusi kwa vumbi, ameshika kibuyu. Mama alimtazama, akatazama nyuma yake, akaona ubavu wa kijani umesimama penye ua.

"Mbona hujapiga hodi?" alimwuliza. "Hata sufuria sijaweka." Akaanza kulia, vidole vikiwa bado kwenye maharage.

Baba alichuchumaa mbele yake akaweka kibuyu chini. Alisema, "Afadhali. Angalau mmoja wenu bado analia."

Nikaenda kuweka sufuria bila kuambiwa.

Waya wa honi ulikuwa umetupwa msituni. Baba aliunganisha za kuwashia tu, ndiyo maana gari ilirudi bubu. Jumapili Mama alikwenda kanisani juu ya kiti chake, wakampungia kama zamani, wengine wakashika mikono yake mpaka misa ikachelewa. Lakini jioni za kawaida zilibaki na kasoro. Gari ilikuwa inakuja kimya, na Mama alikuwa anashtuka Baba akiwa tayari amesimama mlangoni. Hakulalamika. Aliuliza mara moja tu kama sauti yake haiwezi kurudi.

Baba akaipeleka kwa yule fundi jirani. Fundi alisema tangu azaliwe watu wanamletea vitu vibovu avitengeneze, huyu ndiye wa kwanza kuleta kizima ili kiharibike, tena kiharibike vilevile kilivyokuwa. Walishinda chini ya usukani mchana kutwa, wakimenya waya hapa, wakiukunja pale. Honi ikawa nzima kabisa, inalia ukiibonyeza tu, na wakaiharibu tena. Mwisho ikaanza kujipiga yenyewe kwenye kona. Baba alikuja ndani mikono imejaa grisi, furaha na aibu vimechanganyika usoni.

"Imekubali," alimwambia Mama. "Ila kushoto imekataa. Sasa inaria kuria."

Mama alimtaka arudie. Baba akarudia. Mama alicheka mpaka akashika nyonga, akasema isemwe hivyohivyo kwenye redio ya Sista tuone watamkamata nani.

Tangu siku hiyo, Baba akitoka mjini jioni hakukata tena kwenye kona yetu. Alipita nyumba yake mwenyewe moja kwa moja, akaenda mpaka pale kisimani, akazungukia kushoto kimyakimya, akarudi kutokea upande wa pili ili kona yetu iwe ya kulia. Majirani walimwuliza kama amesahau kwake. Vijana wa kahawa walisema mzee siku hizi anakwenda kujitembelea kwanza.

Sisi jikoni tulimsikia akipita. Maji yalikuwa yameshachemka pembeni, na mimi nilikuwa nimeshika sufuria kwa vitambaa viwili. Mama alinyanyua kidole.

"Bado," alikuwa anasema. "Mwache azunguke."

Injini ilififia kuelekea kisimani, ikageuka, ikaanza kukua tena. Mama aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya kwenye kwaya anaposubiri zamu ya sauti yake. Kisha, kutoka upande wa pili wa nyumba, mbuzi mwenye mafua.

"Weka," Mama akasema.